Mama Masijala na Viatu vya Kushoto

Ukimuuliza Mama Masijala habari za ukoo wake, alikupa fomu. Ukimuuliza habari za afya yake, alikupa fomu. Nilifanya naye kazi miaka tisa katika ofisi ya Mfuko pale Kahama, chumba kimoja, meza zinatazamana, na mpaka leo sijui alizaliwa kijiji gani. Lakini uniamshe usingizini nitakwambia kwamba fomu ya madai ya fao la kukosa ajira ina kurasa nne, na kwamba ukurasa wa tatu ndio unaowatoa watu jasho.

Kwa asiyejua, Mfuko ni pale wafanyakazi wanapowekewa michango yao. Mtu akiachishwa kazi bila kosa lake, anakuja na barua yake, anajaza fomu, na kwa miezi michache analipwa fao la kumshika mkono mpaka apate kazi nyingine. Mama Masijala alikuwa mkuu wa chumba cha mafaili, mimi nilikuwa karani wake. Ofisi nzima ilimwita kwa jina la chumba chake, Meneja akiwemo, na mlinzi wa getini ambaye alimwogopa yeye kuliko Meneja.

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye mwendo wa mtu aliyeacha chungu jikoni. Miwani yake ilifungwa kwa uzi wa pamba. Kicheko chake kilitangulia ofisini asubuhi, halafu ndiyo akaingia yeye, halafu mfuko wa michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa juani, ambayo aliitafuna mchana kutwa. Faili lililopita mkononi mwake ulilijua kwa unga wa michembe kwenye mkunjo. Mkaguzi mmoja kutoka makao makuu aliwahi kuandika kwamba masijala yetu ina wadudu waharibifu. Mama aliisoma ripoti ile akicheka mpaka akashika ukuta.

Alikuwa na neno lake moja: kishindo. Wengine walisema sikukuu inakuja, mvua inakuja, wageni wanakuja. Yeye alisema, "Kishindo kinakuja, karani," na macho yanang'aa. Siku za kawaida ofisi yetu ilipokea wadai watatu au wanne, tukawahudumia tukipiga soga. Lakini tulikuwa katikati ya migodi. Mkandarasi akimaliza mkataba, au bei ya dhahabu ikiyumba huko inakopangiwa, watu mia nne wanatoka getini asubuhi moja, na keshokutwa wote wako kwetu. Hicho ndicho kishindo. Mama aliamini kazi yetu ya kweli ni kujiandaa kwa siku ile, na kwamba siku nyingine zote tunalipwa kwa kusubiri tu.

Kwa hiyo alijiandaa. Popote alipokwenda, fomu zilikuwa mkobani.

Nakumbuka harusi moja kule Didia. Bwana harusi alikuwa dereva wa magari makubwa ya mgodini, na Mama alialikwa kwa sababu alikuwa akisali na mama wa bibi harusi. Nami nilimsindikiza, kwa tamaa ya pilau. Ulipofika wakati wa zawadi akapita mbele akicheza, akakabidhi kanga mbili zilizokunjwa vizuri. Shangazi wa bwana harusi akazikunjua ili watu waone. Bahasha ikaanguka.

"Mayu, hii ni nini?" shangazi akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Fomu ya fao la kukosa ajira," Mama akajibu, na maikrofoni ilikuwa karibu.

Muziki ukazimwa. Shangazi akatema mate pembeni, kushoto na kulia. "Unamtabiria kijana wetu? Siku ya harusi yake?"

"Simtabirii," Mama akasema kwa upole. "Namjazia. Imebaki sahihi tu."

Nilijificha nyuma ya sufuria. Na hapo ndipo penye tatizo lenyewe, maana kwetu huku kuandaa balaa ni sawa na kuliita. Huchongi jeneza mgonjwa angali anakunywa uji, na humpi fomu ya kufukuzwa kazi mtu aliyeamkia kazini. Watu wa mgodini walimwona Mama anakuja upande wa pili wa barabara, wakakumbuka ghafla kwamba walisahau kitu nyumbani. Hata wachimbaji wadogo wenye maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, ambao hawamo kabisa katika Mfuko, walimtumia ujumbe wa heshima wakimwomba asipite karibu na shimo lililoanza kutema, dhahabu isije ikahama. Aliniambia hilo akiwa na machozi ya kicheko.

"Dhahabu inanikimbia mimi, karani. Unajua kama ningekuwa na uwezo huo ningekuwa wapi?"

Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye akabadilisha mlango. "Wanaume wanaogopa mkosi," akasema, "lakini wanawake wanaogopa ada ya shule." Akaanza kwenda kwa wake zao. Jumapili alikuwa kwenye jumuiya za Wakatoliki, Ijumaa alasiri na akina mama wa msikitini, katikati ya wiki kwenye vikundi vyao vya kuweka na kukopa. Baada ya muda tukaanza kuona maajabu. Mwanamke anaingia ofisini, anatazama nyuma kama mwizi, anafungua pindo la kitenge, anatoa nakala ya kitambulisho cha mumewe, nakala ya kadi ya benki na picha mbili. "Asijue," ananong'ona. Mama anapokea na kunong'ona pia, ingawa tulikuwa peke yetu. Hivyo ndivyo yalivyozaliwa mafaili ya tahadhari, kabati moja, baadaye makabati matatu. Kila faili lilikuwa la mtu aliye kazini, mzima, hana habari. Mama alishahakiki kila kitu, majina, michango, akaunti. Ilibaki barua ya kuachishwa na sahihi.

Meneja hakuyapenda makabati yale. Alikuwa mtu mwema lakini alitaka chumba cha mikutano, na masijala ndiyo iliyokuwa na madirisha mazuri. Kila robo ya mwaka alikuja akasimama mlangoni, akayatazama makabati, halafu akautazama mkeka.

Nieleze mkeka. Ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wetu, mkeka wa kawaida wa ukindu, umechakaa upande mmoja. Mwenyewe alikuwa mchomeleaji wa vyuma kutoka Mhunze. Mwaka nilioanza kazi, mkandarasi mmoja alipunguza watu, nasi hatukuwa tayari hata kidogo. Maombi yalipangwa kwa kurundikwa. Ya leo juu ya ya jana, sakafuni, mpaka dirishani. Fomu ya mchomeleaji ilikuwa mahali fulani ndani ya lundo lile. Alikuja mara ya kwanza, mara ya pili, kisha nauli ikamshinda kwenda na kurudi, akaleta mkeka, akawa analala kwenye baraza ya ofisi. Asubuhi tulimkuta ameshaukunja, amenawa uso, amekaa. Hakuwahi kugomba. Alitusalimia mmoja mmoja. Binti yake alikuwa amechaguliwa kuanza sekondari na alihitaji sare na godoro. Siku tulipoipata fomu yake na kumlipa, muhula ulikuwa umeshafika mwisho na binti alikuwa anauza vitumbua stendi. Mchomeleaji alisema asante. Aliusahau mkeka wake, au aliuacha, sijui.

Mama aliuokota, akaukung'uta, akaupigilia msumari. "Kwenye baraza hii halali mtu tena," akasema. Hakuwa akicheka siku hiyo. Ukitaka kujua miaka yote ile alikuwa akishindana na nini, alikuwa akishindana na mkeka ule.

Sasa viatu. Mimi ndiye niliyeshuhudia vikianza, na sijaacha kujivunia. Ukame mmoja tulikuwa tumekwenda Nyahanga kutafuta maji, maana mabomba ya mjini yalikauka. Kwenye kioski cha maji kulikuwa na foleni ndefu ya madumu, lakini watu hawakuwamo. Watu walikuwa kivulini wanasukana nywele. Dumu ndilo lililosimama foleni kwa niaba ya mwenyewe. Mama alisimama akayatazama madumu yale kwa muda mrefu mpaka nikadhani jua limempiga.

"Karani," akasema, "mtu aliyefukuzwa kazi kwa nini asimame?"

Akaanza kujaribu. Mawe hayakufaa, yote yalifanana. Kofia ziliondoka na upepo. Vitambulisho hakuvitaka, kitambulisho kikipotea umemuua mtu mara ya pili. Mwisho akafika kwenye kiatu, na tena cha kushoto. Kila mtu anakijua kiatu chake. Mwenye kiatu kimoja haendi mbali, kwa hiyo ukiita anakuja. Na kiatu cha kushoto peke yake hakuna anayekiiba. Nilimuuliza kwa nini kisiwe cha kulia. Alinitazama kwa huruma. "Wote wakiweka wanachotaka, karani, mwizi atapata jozi."

Akamwomba Meneja zoezi moja tu, siku moja, tuone kama ofisi inaweza kupokea watu mia kwa asubuhi. Meneja alikubali ili apumzike. Tatizo likawa watu. Wapi utapata watu mia wakubali kujifanya wamefukuzwa kazi? Wafanyakazi wa kweli wasingekanyaga. Mama akaenda kwa manju wa kundi moja la ngoma, mzee mwembamba mwenye jino la dhahabu, akamweleza.

"Mia moja?" manju akasema, na nilimwona ameumia moyo. "Mayu, mia moja ni watu wa kwenda kusaga. Mimi nitakuletea watu."

"Bila ngoma," Mama akasema.

"Bila ngoma," manju akakubali.

Tulisahau jambo ambalo kila Msukuma analijua. Ngoma zetu ni za pande mbili, zinashindana tangu enzi za mababu, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa. Manju hawezi kuitwa mahali akaleta watu wachache. Hilo ni sawa na kushindwa hadharani. Kwa hiyo jioni ya kuamkia zoezi alikuja getini na kijembe, akafukia dawa yake ya kuvuta watu. Mlinzi alimwona, akadhani anatupandia maua. Na upande wa pili, waliposikia kwamba wapinzani wao wameitwa na serikali, hawakungoja kualikwa.

Saa mbili asubuhi mia moja walikuwa wameshaweka viatu. Saa tatu foleni ya viatu ilizunguka ofisi mara mbili na kutoka getini. Kulikuwa na yeboyebo, kandambili, mabuti, makatambuga ya matairi, kiatu kimoja cha harusi cheupe, na mbeleko iliyowekwa na mama mmoja aliyekuja pekupeku. Saa nne upande wa pili ukaingia na njuga miguuni, kengele zinalia, na manju wetu akatazama mbingu kama mtu anayeomba msamaha kabla ya kosa. Ahadi ya bila ngoma ikaishia hapo. Vumbi likapanda mpaka juu ya paa. Ndipo gari la Meneja likaingia, naye amebeba wageni wawili kutoka makao makuu, wakakuta uwanja wa Mfuko umejaa mamia ya watu wenye kiatu kimoja kimoja wanarusha mabega.

Mama hakutikisika. Alipita katikati ya ngoma na saa ya jikoni mkononi, anaita viatu. "Buti jeusi, kamba nyekundu." Mwenye buti anakuja akicheza mpaka mezani, anajaza akicheza, anaondoka akicheza. Mimi niligonga mihuri kwa mapigo ya ngoma, sikuwa na namna, mkono ulikataa mapigo mengine. Kufika saa nane tulikuwa tumewapitisha wote waliokubali kukaa. Tukajifunza kwamba kinachochelewesha ni ukurasa wa tatu, na kwamba mtu ambaye hajasimama juani hagombi. Mgeni mmoja alicheza. Nilimwona kwa macho yangu.

Meneja alimpa Mama barua ya kumtaka ajieleze. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigonga muhuri wa kupokelewa, akaifungulia faili. Hakuijibu kamwe, lakini ungeiulizia angekupa kwa sekunde kumi.

Sitaki mfikiri alikuwa malaika. Alikuwa mbabe. Alinifokea kwa kuweka pini mahali pa klipu. Alihubiri usafi wa kumbukumbu na droo yake ilikuwa na limau lililoota. Kila Ijumaa tukifunga alinigeukia, "Karani, umejaza yako?" Nami nilijibu, "Kesho, Mama." Ya kwangu ilinishinda. Niliwajazia mamia ya watu, lakini kalamu ikifika kwenye jina langu naiweka chini. Nilipomuuliza yeye, alijibu upesi, "Ya kwangu iko tayari siku nyingi."

Siku moja akiwa likizo nilitafuta kitu kwenye kabati la kwanza nikakutana na faili lake. Jalada limeandikwa kwa mwandiko wake mzuri wa mviringo, limefungwa kwa utepe. Nikalifungua. Lilikuwa tupu. Mama Masijala, aliyeikimbiza dhahabu, aliyewacheka mashangazi wa Didia, alikuwa anaogopa mkosi kama sisi wengine. Nilicheka peke yangu chumbani humo, halafu nikaacha kucheka, nikalirudisha faili mahali pake.

Kishindo chenyewe kilianza siku ya Jumatatu, msimu wa mavuno ya mpunga. Mkandarasi mkubwa wa mgodini alimaliza mkataba, na wafanyakazi wake wote wakapewa barua kwa siku moja. Simu ya Mama ililia, akasikiliza, akaweka chini, akamaliza kutafuna. "Toa meza nje," akaniambia.

Asubuhi ya Jumanne walianza kumiminika, kwa malori, kwa baiskeli, kwa miguu. Meneja akatoka, akauona umati, akauliza ni nani amewaita. Mlinzi alikuwa ameshika kofia kifuani. "Mkuu, ile dawa ya manju hatukuifukua." Nami naapa, Meneja mwenye shahada mbili aliagiza jembe. Walichimba getini nusu saa, wakatoa kipembe kilichofungwa kitambaa chekundu, wakakitupa ng'ambo ya barabara. Umati ukaongezeka. Sasa wengine walisimama ng'ambo.

Jamaa mmoja mrefu, opereta wa mitambo, akapenya mpaka mbele akipiga kelele. "Ni huyu mama. Alikuja kwangu na makaratasi yake mwaka juzi nikamfukuza. Yeye ndiye aliyetuloga."

"Jina?" Mama akauliza.

Akalitaja kwa hasira. Mama hakuhitaji hata kugeuka. Mkono ulikwenda nyuma, kabati la pili, ukarudi na faili. Akalifungua mbele yake. Picha zake mbili, kitambulisho chake, michango yake yote imehakikiwa.

"Nani kakupa hivi?" jamaa akauliza, sauti imeshuka.

"Mkeo. Barua weka hapa. Sahihi hapa na hapa. Kiatu chako kachukue. Mwingine."

Jamaa alibaki amesimama na kalamu mkononi. Halafu akainama, akatia sahihi, akashukuru, "Wabeja, mayu," na akaenda kuwahimiza wenzake waweke viatu vya kushoto, kwa ukali kuliko mlinzi.

Tulifanya hivyo siku tano. Wenye mafaili ya tahadhari walipita kama maji, na wasio nayo tukapata muda wa kuwashughulikia kwa utulivu. Kila jioni kabla ya kufunga, Mama alitoka akaikagua baraza, upande huu na upande ule. Jumanne tupu. Jumatano tupu. Alhamisi akakuta mtu amejilaza, begi chini ya kichwa, kijana wa upande wa Geita aliyekosa usafiri. Sijawahi kumwona Mama akikimbia kabla wala baada ya hapo. Alimwinua, akajitwika begi lake kichwani, akampeleka kwake kulala na wanawe wa kiume, asubuhi akarudi naye, na saa sita mchana faili lake likawa limekamilika. Watu wote wa kishindo kile walilipwa kabla shule hazijafunguliwa. Nilitamani mchomeleaji wa Mhunze angepita aone. Hakupita. Nilifurahi na niliumia kwa wakati mmoja, sijui kama inawezekana lakini ndivyo ilivyokuwa.

Halafu ukaja mfumo mpya. Maombi yote kwa simu, hakuna karatasi, hakuna masijala. Makabati yaliondolewa, Meneja akapata madirisha yake, na nafasi ya mkuu wa masijala ikafutwa. Mama alinikabidhi funguo, akaniachia msumari na mkeka wake, akaniambia niangalie baraza. Alikuwa hajafika umri wa kustaafu. Niliambiwa analima mpunga na kuuza michembe. Fao lake hakuja kulidai, wiki baada ya wiki. Mimi nilijua kwa nini.

Mwaka huu mgodi mwingine ulipunguza watu. Wote wakabonyeza simu zao siku moja, na mfumo, ambao haukuwahi kufanyiwa zoezi lolote, ukazidiwa saa tatu asubuhi, ukanyamaza. Saa tano watu walikuwa uwanjani. Vijana wapya wa ofisi walinitazama. Nilitoka nje, nikahisi kicheko kinanipanda kutoka miguuni, nikasema kwa sauti kubwa, "Jamani, kila mtu avue kiatu cha kushoto."

Tulitoa meza. Tulijaza kwa kalamu. Mchana nikaita, "Raba ya bluu, kisigino kimeliwa," na nikasikia mwendo ninaoujua. Alikuwa Mama Masijala, mguu mmoja pekupeku, mfuko wa michembe kwapani. Alikuwa amekaa kivulini na wengine tangu asubuhi bila kusema neno.

"Shikamoo, Mama. Kwa nini hukupita mbele?"

"Marahaba. Kiatu changu kilikuwa cha sitini na tatu." Akaketi. "Nimekuja kuona kama mkeka umeshuka."

"Haujashuka."

"Basi vizuri." Akatazama mikono yake. "Na mimi ni mdai, karani, usinitazame hivyo. Sina faili. Nilikudanganya miaka yote. Kila nikishika kalamu..."

Nilivuta droo yangu, nikatoa faili lenye utepe. Nikalifungua mbele yake. Kurasa nne zimejaa, ukurasa wa tatu umehakikiwa, picha mbili nilizozipata kwenye bahasha zake kuukuu. Niliijaza fomu ile juma lile lile nilipolikuta faili tupu. "Imebaki sahihi tu," nikamwambia.

Alisoma ukurasa wa kwanza mpaka wa nne, kama alivyosoma ya kila mtu. Miwani ilikuwa imeingia ukungu.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema. "Ni wewe uliyenitabiria."

"Sikukutabiria. Nilikujazia."

Kicheko kikaanza tumboni mwake, kikapanda, kikatoka, uwanja mzima ukageuka. Alicheka mpaka akashika meza, nami nikacheka, na opereta mmoja nyuma yake akacheka bila kujua anacheka nini. Akatia sahihi. Halafu akafungua mkoba wake ule ule, akachimba chini ya michembe, akatoa bahasha ya kaki iliyokunjika pembe, akaiweka mbele yangu. Jina langu lilikuwa juu yake kwa mwandiko wa mviringo. Unga wa michembe ulikuwa kwenye mikunjo.

"Nilichoka na kesho yako," akasema. "Hapo unapokaa pia kuna siku patafutwa. Imebaki sahihi tu."

Nilishika kalamu, nikataka kuiweka chini kama kawaida. Nikamtazama. Akanisukumia karatasi kwa kidole. Nikaandika, kwa mwandiko mbaya, lakini nikaandika. Aliisoma, akaifunga utepe, akanirudishia, akasimama kwenda kutafuta kiatu chake. Nikaita anayefuata. Kabla huyo hajakaa nilimsikia Mama kule kwenye foleni akimuuliza mtu ni nani aliyemruhusu kuweka cha kulia.